Minyoo ya Nguruwe: Dawa Ni Nusu ya Kazi



Katika mazungumzo ya leo twataka kueleza habari za minyoo ikaayo katika matumbo ya nguruwe, na jinsi ya kuiondoa kwa dawa. Jambo hili lawahusu watu wengi kuliko mtu awezavyo kudhani. Katika nyanda za juu za kusini ya Tanzania, kama vile Mbeya, Njombe na Iringa, na magharibi ya Kenya pande za Busia na Homa Bay, na katika Uganda pande za Masaka na Mukono, ziko nyumba nyingi zenye nguruwe wawili au watatu nyuma ya jiko. Nguruwe hao ni akiba ya nyumba. Siku ya kulipa karo ikifika, au mgonjwa akitakiwa kupelekwa hospitali, nguruwe mmoja huuzwa na fedha hupatikana. Basi nguruwe akikonda, karo ya mtoto hukonda pamoja naye.

Wahenga walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Mfugaji aweza kuwalinda nguruwe wake kwa uangalifu mwingi, akawapa pumba na majani ya viazi asubuhi na jioni, na kumbe adui amekaa ndani ya matumbo yao, naye hula kabla yao. Adui huyo hana kelele. Nguruwe mwenye minyoo michache haonyeshi ugonjwa wo wote. Hula, hutembea, hulala, ila hakui kama ipasavyo. Pumba iliyonunuliwa kwa fedha huingia kinywani mwake, lakini nyama haionekani mgongoni.

Siku hizi wafugaji wengi wameijua dawa ya minyoo. Yauzwa katika maduka ya dawa za mifugo, na pengine hata sokoni. Walakini malalamiko ya wengi ni haya: "Niliwapa dawa, minyoo ikatoka mingi, na baada ya miezi miwili imerudi tena. Dawa hii haifai." Maneno hayo hayaitendei dawa haki. Dawa ilifanya kazi yake. Kazi iliyobaki ilikuwa ya mfugaji mwenyewe. Dawa huiondoa minyoo iliyo tumboni, lakini haiyagusi mayai yaliyo katika udongo wa banda. Ili kulifahamu neno hili vema, yatupasa kwanza kujua minyoo hiyo ni ya namna gani, na jinsi inavyosafiri.

MINYOO YENYEWE

Iko minyoo ya namna nyingi katika nguruwe, lakini minne ndiyo iletayo hasara kubwa.

Wa kwanza ni mnyoo mkubwa mweupe, ambao watu wengi huuita chango. Jike lake hufika urefu wa sentimita 20 mpaka 40, mnene kama kalamu ya risasi. Hukaa katika utumbo mwembamba. Ikiwa mingi sana huweza kuuziba utumbo kabisa, au mmoja huingia katika mfereji wa nyongo, na nguruwe huonekana na umanjano.

Wa pili ni mnyoo mdogo ufanyao vinundu katika utumbo mpana. Urefu wake ni kama sentimita moja tu. Hupenda hasa nguruwe wakubwa. Jike anyonyeshaye akiwa na minyoo hii hukonda mno, maziwa hupungua, na watoto wake hudhoofu pamoja naye.

Wa tatu ni mnyoo wa mjeledi. Umeitwa hivyo kwa sababu upande wa mbele ni mwembamba kama kamba ya mjeledi, na upande wa nyuma ni mnene kama mpini wake. Mnyoo huu huchoma ngozi ya ndani ya utumbo mpana, na ukiwa mwingi nguruwe huhara kamasi na damu.

Wa nne ni mnyoo mwembamba kama uzi, mdogo hata haufiki nusu ya sentimita. Huwapata hasa vitoto vya nguruwe. Hupita katika maziwa ya mama, au hutoboa ngozi ya kitoto kilalapo juu ya matandiko machafu na maji maji. Kitoto cha majuma mawili kiharacho na kudhoofu huenda kimepatwa na mnyoo huu.

SAFARI YA CHANGO

Tumtazame sasa chango, kwa maana safari yake yatufundisha mambo mengi. Chango jike mmoja hutaga mayai 200,000 na zaidi kwa siku moja. Mayai hayo ni madogo mno, hayaonekani kwa macho bila ya hadubini. Hutoka pamoja na mavi ya nguruwe na kuanguka chini.

Hapa lipo jambo kubwa. Siku lile yai litokapo, haliwezi kumdhuru nguruwe ye yote. Akilila siku hiyo, hupita tumboni mwake bila madhara. Sharti kwanza likae nje, mahali penye joto na unyevu, kwa muda wa majuma matatu au manne, mpaka kijinyoo kikue ndani yake. Likiisha kukomaa, hungoja. Ganda lake ni gumu na lenye kunata. Dawa nyingi za kuoshea nyumba haziliui. Katika udongo wenye kivuli na unyevu huweza kuishi miaka mitano na zaidi. Hunata katika chuchu za mama, katika kwato, katika hori, na hata katika viatu vya mfugaji.

Kitoto cha nguruwe kikinyonya chuchu iliyo chafu, humeza mayai hayo. Ndani ya utumbo ganda hupasuka, na kijinyoo hutoka. Lakini hakikai hapo. Hutoboa utumbo, huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini, na kutoka huko huenda katika mapafu. Kitoto hukohoa, na kijinyoo hupanda katika koo, kisha humezwa tena na kurudi utumboni. Safari hiyo yote huchukua kama majuma mawili. Baada ya hapo hukua, na kwa jumla ya majuma sita mpaka manane tangu siku ya kumeza yai, chango jike naye huanza kutaga.

Zamani hakuna aliyeijua safari hiyo. Mwaka 1916 daktari F. H. Stewart aliwalisha panya mayai ya minyoo hii, akaviona vijinyoo katika maini na mapafu yao. Watu walistaajabu, kwa sababu walidhani mnyoo wa tumbo hukaa tumboni tu maisha yake yote. Leo kila mchinja nguruwe aweza kuziona alama zake. Akifungua nguruwe na kuona mabaka meupe juu ya ini, kama matone ya maziwa yaliyomwagika, ajue kwamba vijinyoo vimepita hapo si siku nyingi, na kwamba banda alikotoka nguruwe yule lina mayai. Mahali penye mkaguzi wa nyama, ini la namna hiyo hukatwa au hutupwa, na mwenye mali hupata hasara. Nayo mapafu yakiisha kujeruhiwa na vijinyoo, nguruwe hupatwa upesi na kikohozi kikali na magonjwa mengine ya kifua.

Tena yafaa ijulikane kwamba mayai ya chango wa nguruwe yaweza kumwambukiza mwanadamu, hasa mtoto achezaye karibu na banda na kutia vidole kinywani. Kwa hiyo usafi wa banda ni usafi wa nyumba pia.

FUNZO LA MCLEAN

Katika nchi ya Marekani, katika jimbo la Illinois, iko wilaya iitwayo McLean ambayo wakulima wake hufuga nguruwe wengi. Zaidi ya miaka mia iliyopita chango waliwasumbua sana. Dawa za siku zile zilikuwa dhaifu, na nyingine zilikuwa na sumu ya kumdhuru nguruwe mwenyewe. Tangu mwaka 1919 mtaalamu Brayton Ransom, wa idara ya mifugo ya serikali ya nchi ile, pamoja na wenzake, walijaribu njia nyingine pamoja na wakulima wa wilaya hiyo.

Njia yenyewe ilikuwa hii. Banda la kuzalia lilikwanguliwa mavi yote, likasuguliwa kwa maji yachemkayo yaliyotiwa soda kali. Jike mwenye mimba alioshwa mwili kwa sabuni, hasa kiwele na chuchu, ndipo alipotiwa ndani ya banda lile safi. Baada ya kuzaa, mama na watoto wake walipelekwa kwenye malisho mapya, ambayo nguruwe hawakukaa tangu shamba lilipolimwa. Wala hawakutembezwa kwa miguu. Walipakiwa katika gari, wasije wakakanyaga uwanja wa zamani wenye mayai. Huko walikaa mpaka watoto walipotimiza miezi minne.

Matokeo yalikuwa mema hata njia hiyo ikaitwa kwa jina la wilaya ile, ikafundishwa katika nchi nyingi. Watu wale hawakuwa na dawa nzuri kama zetu. Walikuwa na ufagio, maji ya moto na akili, wakamshinda chango. Sisi leo tunayo dawa nzuri. Lakini tukiutupa ufagio kwa sababu tumepata dawa, tutakuwa kama mtu atekaye maji kwa tenga.

DAWA ZENYEWE

Sasa tuzitaje dawa, na kila moja yaweza nini.

Piperazini ni dawa ya siku nyingi na bei yake ni nafuu. Ni unga utiwao katika maji au chakula. Yafaa kwa chango, na kwa kiasi fulani kwa minyoo ya vinundu, lakini haifai kwa mnyoo wa mjeledi. Hailiui chango papo hapo. Hulilegeza tu, likashindwa kujishika, likatoka pamoja na mavi.

Levamisoli hufaa kwa chango, kwa minyoo ya vinundu, kwa mnyoo wa uzi, na pia kwa minyoo ya mapafu. Kwa mnyoo wa mjeledi haitegemewi sana. Dawa hii ikizidishwa ni hatari. Nguruwe hutokwa na mate mengi, hutetemeka na kutapika.

Fenbendazoli hutiwa katika chakula. Hufaa kwa minyoo mingi ya tumbo, na ikitolewa kidogo kidogo kwa siku kadhaa mfululizo kama karatasi yake ielezavyo, hufaa kwa mnyoo wa mjeledi pia.

Aivamektini aghalabu hupigwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo. Dawa hii ilipatikana kutokana na kiumbe kidogo kikaacho katika udongo, kilichookotwa Japani na mtaalamu Satoshi Omura, na uwezo wake juu ya minyoo ulichunguzwa na William Campbell na wenzake katika Marekani. Ilianza kuuzwa kwa ajili ya mifugo mwaka 1981, na mabwana hao wawili walishiriki tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sifa yake ni kwamba huua minyoo mingi ya tumbo, pamoja na chawa na wadudu wa upele wa ngozi. Lakini nayo haiaminiki sana juu ya mnyoo wa mjeledi.

Kwa hiyo mfugaji asiseme tu dukani, "Nipe dawa ya minyoo." Na aseme ni nguruwe wangapi, wana umri gani, majike wangapi wana mimba, na dalili zipi zimeonekana, maana ziko dawa nyingine zisizofaa kwa jike mwenye mimba changa. Mahali palipo na maabara, ni bora zaidi kuchukua mavi mabichi kidogo katika chombo safi na kumpelekea afisa wa mifugo, ayatazame kwa hadubini na kutambua mayai ya minyoo gani yamo.

Tena si kila nguruwe mgonjwa ana minyoo. Nguruwe wakikataa kula kwa ghafula, wakawa na homa kali, ngozi ya masikio na tumbo ikawa nyekundu au zambarau, na wengi wakafa katika siku chache, hiyo yaweza kuwa homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza na Montgomery mwaka 1921 kwa habari alizozipata Kenya. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya. Hapo mfugaji asipoteze fedha yake kwa dawa ya minyoo, wala asiuze nyama wala kuwahamisha nguruwe, bali apeleke habari mara moja kwa afisa wa mifugo.

KUPIMA NGURUWE NA KUPIMA DAWA

Kosa lililo kubwa kuliko yote katika kutoa dawa ni kukisia uzito kwa macho. Mfugaji hununua chupa moja ndogo, ana nguruwe saba, naye huigawa kwa saba ili kila mmoja apate. Huona kwamba amefanya haki. Lakini hakuna hata mmoja aliyepata dawa ya kutosha. Minyoo dhaifu hufa, na ile yenye nguvu hubaki, nayo ndiyo izaayo. Ikifanyika hivyo mara nyingi, banda hujaa minyoo isiyoisikia dawa ile tena. Katika nchi kadhaa za Ulaya minyoo ya vinundu imekwisha kuonekana yenye kuzishinda dawa zilizoiua zamani. Ni heri kuwapa dawa nguruwe watatu kwa kipimo kamili na kungoja fedha ya wengine, kuliko kuwapa saba nusu nusu.

Wengi hawana mizani ya kupimia nguruwe. Iko njia ya kamba, na wanafunzi waweza kuwasaidia wazee wao kwa hesabu yake. Zungusha kamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, uipime kwa mita. Kisha pima mgongo, kutoka katikati ya masikio mpaka shina la mkia. Zidisha kipimo cha kifua kwa kipimo hicho hicho cha kifua, kisha zidisha kwa urefu wa mgongo, kisha zidisha kwa 69.3. Jibu ni uzito wa nguruwe kwa kilo, si kamili kama mizani, lakini karibu sana kuliko macho.

Mathalani, kifua ni mita 0.9, na mgongo ni mita 0.9. Zidisha 0.9 kwa 0.9, wapata 0.81. Zidisha tena kwa 0.9, wapata 0.729. Zidisha kwa 69.3, wapata 50 na ushei. Basi nguruwe huyo ni kilo 50. Kama dawa ni aivamektini ya sindano iliyo ya asilimia 1, kipimo cha nguruwe ni mililita 1 kwa kila kilo 33, na huyu atapata mililita 1 na nusu. Dawa nyingine zina vipimo vyao. Sharti karatasi iliyo katika chupa isomwe kila mara, pamoja na tarehe ya mwisho wa kutumika.

Dawa itolewayo kwa maji au chakula ina hila yake. Nguruwe mwenye nguvu humsukuma mdogo, akala sehemu mbili, na mdogo asipate kitu. Kwa hiyo watenge kwa ukubwa wao. Kama dawa ni ya maji, waondolee maji usiku, kisha asubuhi uwape dawa katika maji machache ambayo watayamaliza yote upesi.

Baada ya dawa ziko siku za kungoja kabla ya kuchinja, nazo zimeandikwa katika karatasi. Mfugaji mwaminifu hazifupishi siku hizo, kwa maana dawa iliyobaki katika nyama italiwa na watu.

WAKATI WA KUTOA DAWA

Jike mwenye mimba apewe dawa juma moja au mawili kabla ya kuzaa, dawa ifaayo kwa hali yake. Kisha aoshwe kwa maji na sabuni, na kuingizwa katika banda lililosuguliwa. Hii ndiyo dawa iliyo na faida kuliko zote, kwa sababu humkinga mama pamoja na watoto ambao hawajazaliwa.

Watoto wapewe dawa waachishwapo kunyonya, ambapo kwa wafugaji wengi ni majuma sita mpaka manane. Wapewe tena baada ya majuma sita mpaka manane mengine. Sababu ya muda huo mmekwisha kuisikia: vijinyoo vilivyokuwa katika ini na mapafu siku ya dawa ya kwanza huenda vilisalimika, na sasa vimeshuka utumboni, karibu kuanza kutaga. Twavikamata kabla havijataga mayai mengi.

Dume naye asisahauliwe. Apewe mara mbili kwa mwaka. Nguruwe aliyenunuliwa mahali pengine apewe dawa siku ya kufika, akae peke yake kama mwezi mmoja mbali na wenzake, ndipo achanganywe.

SIKU BAADA YA DAWA

Sasa twafika mahali ambapo wengi hushindwa. Nguruwe amepewa dawa, na kesho yake minyoo yaonekana katika mavi, mingine ingali inajipinda. Mfugaji hufurahi, huwaita jirani waje kutazama, kisha mavi huachwa pale pale. Laiti angalijua ya kuwa kila chango jike aliyelala pale tumbo lake limejaa mayai! Mwili wake utaoza, na mayai yatabaki. Dawa imemwondoa mama, lakini watoto wake wametawanyika katika banda zima.

Kwa hiyo kwa siku tatu au nne baada ya dawa, mavi yote yazolewe mara mbili kwa siku, na matandiko yabadilishwe. Na siku zote nyingine mavi yaondolewe kila siku. Kumbukeni tulivyosema: yai la chango lahitaji majuma matatu nje ndipo liwe na madhara; kijinyoo cha vinundu kwahitaji kama juma moja. Afagiaye kila siku huyaondoa mayai yangali machanga, yasiyoweza kudhuru. Mnyoo hauna budi kupita nje, na hapo nje ndipo penye udhaifu wake.

Mavi yaliyozolewa yasitupwe bustanini yangali mabichi. Yafanyiwe lundo mbali na kisima, yachanganywe na majani makavu, yafunikwe, na kugeuzwa mara kwa mara. Lundo lililotengenezwa vema hupata joto kali ndani yake, na joto hilo huua mayai. Baada ya miezi kadhaa samadi hiyo huwa mali ya shamba.

Sakafu ya saruji ama ya mbao zenye nafasi katikati hufagiliwa kwa urahisi kuliko udongo. Asiye na fedha ya saruji aweza kuliinua banda kwa nguzo na fito, mavi yakaanguka chini, nguruwe asiyalalie. Jua na ukavu ni maadui wa mayai. Kwa hiyo banda liwe na mwanga, na maji ya mvua yapewe njia ya kutoka. Hori na chombo cha maji viinuliwe ili nguruwe asivichafue kwa mavi.

TEGU, MNYOO WA NAMNA NYINGINE

Kabla hatujamaliza, twataka kuwaonya juu ya kosa moja. Wako wadhanio kwamba nguruwe aliyepewa dawa ya minyoo hawezi kuwa na tegu. Sivyo. Tegu mzima huishi katika matumbo ya mwanadamu, wala si katika matumbo ya nguruwe. Mayai yake hutoka katika choo cha mtu. Nguruwe azururaye akila kinyesi cha watu vichakani, mayai hayo huingia mwilini mwake na kuwa malengelenge madogo meupe katika nyama, kama punje za mchele. Mtu alaye nyama hiyo bila kuiva hupata tegu. Na mtu amezaye mayai ya tegu, kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa, malengelenge hayo huweza kuota katika ubongo wake, akapatwa na kifafa.

Hata asiyekula nyama ya nguruwe hana salama kamili. Mwaka 1992 madaktari waliandika habari za Wayahudi wa New York ambao dini yao yawakataza kabisa nyama hiyo, lakini walipatwa na ugonjwa huo katika ubongo. Ikaonekana kwamba huenda waliupata kwa watumishi wa nyumbani waliokuwa na tegu. Basi jambo hili ni la kijiji kizima, mwenye nguruwe na asiye na nguruwe.

Dawa za minyoo ya tumbo tulizozitaja hazitegemewi kuua malengelenge hayo. Iko dawa iitwayo oksifendazoli, ambayo ikitolewa mara moja kwa kipimo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya nguruwe huyaua yaliyo katika nyama. Lakini mabaki yake hukawia kutoweka, na siku za kungoja kabla ya kuchinja zapaswa kushikwa. Afisa wa mifugo ndiye wa kuulizwa juu yake. Lililo la kwanza ni kwamba kila nyumba iwe na choo kilichofunikwa, na kila nguruwe awe bandani, asizurure. Nyama na ipikwe mpaka iive ndani kabisa.

MWISHO WA MANENO

Tuwafikirie wafugaji wawili, wenye majike mawili yaliyozaa mwezi mmoja. Wa kwanza alinunua dawa mara nne kwa mwaka, lakini mavi yalikaa bandani juma baada ya juma. Wa pili alinunua mara chache zaidi, kwa kipimo kamili na kwa wakati wake. Akaosha jike lake kabla ya kuzaa, akafagia kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Wa kwanza ananunua dawa ile ile kuwatibu nguruwe wale wale kwa mayai yale yale. Wa pili kila mwaka ana mayai machache zaidi katika banda lake.

Twawashauri kila mfugaji awe na daftari dogo. Na aandike humo tarehe ya dawa, jina lake, uzito wa kila nguruwe, kipimo alichopewa, na siku ya kuruhusiwa kuchinjwa. Asiyejua kuandika amwambie mwanawe aliye shuleni; ndiyo kazi njema ya elimu. Na katika ukurasa huo huo ihesabiwe tarehe ya dawa ijayo, majuma sita mpaka manane mbele kwa watoto, miezi sita kwa dume. Kisha daftari liwekwe mahali pakavu, na ufagio uwekwe karibu na mlango wa banda.